Nyumba Ikigeuka Kiwanda: Bima kwa Biashara za Nyumbani

Katika mitaa ya Sinza, Tabata, Mbagala na Kimara, jijini Dar es Salaam, si rahisi kuipata nyumba ambayo kazi yake ni kulaza watu tu. Barazani pana cherehani mbili na marobota ya vitambaa vya sare za shule. Uani pamejengwa kibanda cha saluni, na bango lake linaonekana tangu barabarani. Jikoni friji moja ni la familia, jingine ni la barafu, juisi na mtindi wa kuuza. Chumba cha mtoto aliyekwenda chuo kimejaa mitumba ya daraja la kwanza inayosubiri kupigwa picha na kutangazwa Instagram. Usiku, sebuleni, mhasibu anafunga hesabu za wateja wake kwenye kompyuta ambayo mchana watoto waliitumia kwa masomo.

Hayo si ya Dar es Salaam peke yake. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya Januari 2021, lilikadiria kwamba mwaka 2019, kabla korona haijawafungia watu ndani, watu milioni 260 duniani walikuwa wakifanyia kazi zao nyumbani. Hao walikuwa asilimia 7.9 ya watu wote wenye kazi. Milioni 147 kati yao, zaidi ya nusu, walikuwa wanawake. Anayewajua wapishi wa keki, washonaji na wasusi wa miji yetu hashangazwi na hesabu hiyo.

Mhadhara huu unashughulikia swali moja. Siku nyumba ya namna hiyo ikiungua, ikivunjwa na wezi, au ikimdhuru mteja aliyefuata huduma, nani anabeba hasara? Wengi hujibu upesi kwamba mwenye bima ya nyumba amesalimika. Mara nyingi jibu hilo si la kweli. Sababu zake ni za kisheria na za kihesabu, na zinaeleweka vizuri zikielezwa mapema. Asiyeelezwa mapema huzisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtathmini wa hasara, akiwa amesimama juu ya majivu.

Mkataba wa nyumba na mipaka yake

Kampuni za bima za Tanzania na Kenya huuza bima ya nyumba kama furushi lenye sehemu kadhaa. Ya kwanza ni jengo lenyewe: kuta, paa, geti, tangi la maji. Ya pili ni vilivyomo ndani: samani, nguo, televisheni, vyombo. Ya tatu ni vitu vinavyotembea na mwenyewe, kama simu, kompyuta ya mkononi na vito, ambavyo hulindwa hata nje ya nyumba. Kisha hufuata wafanyakazi wa nyumbani, yaani dada, mlinzi na mtunza bustani, wakiumia kazini. Mwisho ni dhima ya mwenye nyumba au mpangaji kwa mtu wa nje anayedhurika ndani ya uzio.

Likisomwa haraka, furushi hilo linaonekana limemaliza kila kitu. Lakini ada ya bima hupangwa kwa kupima uwezekano wa hasara, na ada ya nyumba ni ndogo kwa sababu nyumba ya kuishi ina hatari chache. Jiko linawashwa mara tatu kwa siku. Wageni ni ndugu na marafiki. Usiku milango inafungwa. Nyumba ya mpishi wa sherehe ni kitu kingine: majiko makubwa ya gesi yanawaka tangu alfajiri, mitungi ya akiba imepangwa uani, vijana watano wanakata vitunguu, na bodaboda zinaingia na kutoka mpaka usiku. Mwenyewe anaiona nyumba ileile aliyoijenga. Mpima hatari anaona nyumba tofauti kabisa, yenye bei yake.

Ndiyo maana mikataba ya bima ya nyumba kwa kawaida huziacha nje, au huzilipa kwa kiasi kidogo tu, mali za biashara: bidhaa za kuuza, malighafi, zana za ufundi na fedha za mauzo. Huiacha nje pia dhima inayotokana na biashara au taaluma. Na mingi ina sharti kwamba nyumba itumike kwa makazi. Sharti hilo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa moto ukianzia kwenye pasi ya fundi cherehani barazani, mgogoro hautaishia kwenye vitambaa. Kampuni inaweza kuhoji malipo ya nyumba nzima, pamoja na vyumba ambavyo havikuwahi kuingia biashara yoyote.

Wizi nao una mtego wake. Bima nyingi za wizi hudai kuwepo kwa dalili za kuvunja: kufuli lililokatwa, dirisha lililong'olewa, mlango uliosukumwa kwa nguvu. Katika nyumba ya kuishi sharti hilo lina mantiki. Katika nyumba yenye saluni, mwizi anaweza kupita mlangoni kwa kukaribishwa, akakaa kitini, akaondoka na simu na kashida za wateja. Hakuna kilichovunjwa, basi hakuna kinacholipwa, isipokuwa mkataba umeandikwa kwa ajili ya mahali panapoingiwa na umma.

Umeme pia. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, au ukirudi kwa nguvu kupita kiasi, friji huungua na samaki wa kuuza huharibika. Mkataba wa kawaida wa nyumba hulipa moto uliosababishwa na umeme. Kuungua kwa mota ya friji peke yake, na kuoza kwa bidhaa zilizokuwamo, huhitaji nyongeza iliyoombwa, ikakubaliwa na kuandikwa.

Kukaa kimya

Msingi wa haya yote ni kanuni ya uaminifu wa hali ya juu kati ya mkata bima na mtoa bima. Mahakama za Afrika Mashariki ziliirithi kutoka sheria ya Kiingereza, na kesi inayotajwa sana ni ya mwaka 1766, Carter dhidi ya Boehm. George Carter alikuwa gavana wa ngome ya Fort Marlborough katika kisiwa cha Sumatra. Alikata bima dhidi ya hatari ya ngome kutekwa na adui kutoka Ulaya. Wafaransa walipoiteka, mtoa bima, Charles Boehm, alikataa kulipa akidai kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome hiyo.

Jaji Mansfield alieleza kwamba katika bima habari nyingi zinazopima hatari zimo kichwani mwa anayekata bima peke yake, na mtoa bima humwamini. Akizificha, mkataba unaweza kuvunjika. Lakini jaji huyohuyo aliamua kwamba Carter alipwe, kwa sababu Boehm alijua au alipaswa kujua hali ya ngome, na hakuwa na haki ya kunyamaza, kupokea ada, kisha kuleta udhaifu huo kama kisingizio siku ya kulipa. Wajibu wa kusema kweli unazifunga pande zote mbili. Sehemu hii ya pili ya hukumu hutajwa mara chache kuliko ya kwanza, na wenye biashara za nyumbani wangefaidika kuijua. Wakala aliyefika nyumbani, akaliona bango la saluni, akajaza fomu "makazi" na kupokea fedha, amemwachia mteja hoja ya kusimamia. Hoja hiyo, hata hivyo, inahitaji wakili, ushahidi na muda. Barua moja iliyoandikwa mwanzoni ingeiondolea mbali kesi yote.

Uingereza yenyewe ilipunguza ukali wa kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 2012: mteja wa kawaida hatakiwi tena kubashiri mambo ambayo kampuni ingependa kuyajua, anatakiwa kujibu kwa uangalifu anayoulizwa. Kwa mkata bima wa Afrika Mashariki njia salama bado ni ileile ya zamani: kusema yote yanayohusika, yameulizwa au hayakuulizwa, na kusema tena pale mambo yanapobadilika katikati ya mwaka.

Watu hunyamaza kwa sababu tatu. Wengine hawaioni shughuli yao kuwa biashara: "nauza maandazi tu". Wengine wanaogopa ada itapanda. Wengine wanahofia kwamba taarifa wakiipa kampuni ya bima, itafika kwa watu wa kodi au wa leseni ya biashara. Hofu ya tatu inaeleweka, lakini haiondoi ukweli kwamba anayelipa ada kwa nyumba ya makazi huku akiendesha karakana analipia ulinzi ambao huenda usiwepo.

Jirani, mteja na mfanyakazi

Usiku wa Februari 1, 2024, gari lililobeba gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Moto ulisambaa ukachoma nyumba za watu, magari na ghala la nguo. Watu waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu wanaoishi jirani. Waliounguliwa hawakuwa wateja wa gesi hiyo. Walikuwa wamelala nyumbani kwao.

Mkasa ule ulikuwa wa kituo kikubwa kisicho na kibali, na hakuna mama lishe anayefanana nacho. Hata hivyo unaonyesha jinsi hatari ya biashara inavyovuka ukuta. Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Gesi itaingia katika majiko mengi zaidi, na ni jambo jema kwa mapafu ya wapishi na kwa misitu. Kwa anayepika kwa ajili ya kuuza, maana yake ni kwamba idadi ya mitungi, mahali inapohifadhiwa na umbali wake na ukuta wa jirani ni habari za kumpa mtoa bima. Moto ukivuka ua, jirani atadai. Dhima ya mwenye nyumba iliyomo katika bima ya makazi haikuandikwa kwa ajili ya jiko la biashara.

Mteja naye ana haki zake, na asili yake kisheria ni chupa ya soda ya tangawizi. Agosti 26, 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa kinywaji hicho na rafiki yake. Alidai kwamba alipokwisha kunywa sehemu yake, mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka chupani, naye akaugua. Hakuwa amenunua chochote mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mkataba na muuzaji wala na mtengenezaji, David Stevenson. Mei 26, 1932, majaji watatu dhidi ya wawili wa baraza la juu la Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho, hata kama hawajawahi kukutana. Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam na Nairobi huisoma kesi hiyo mwaka wao wa kwanza.

Mpishi wa keki za harusi anaishi ndani ya kesi hiyo kila Jumamosi. Anayelipia keki ni bwana harusi. Wanaoila ni wageni mia tatu ambao hajawahi kuwaona. Vivyo hivyo kwa mtengenezaji wa sabuni ya maji, mafuta ya nywele, siagi ya karanga au pilipili ya chupa. Bima inayomhusu huitwa bima ya dhima ya bidhaa, na huuzwa mbali na bima ya nyumba. Mhasibu, mbunifu wa majengo au mshauri anayefanyia kazi sebuleni hahitaji hiyo; anahitaji bima ya dhima ya taaluma, kwa kuwa kosa lake ni tarakimu iliyokosewa au ushauri uliompotosha mteja.

Kwa mfanyakazi, sheria ya Tanzania haikuacha hiari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianza kupokea michango mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, baadaye ukapunguzwa hadi asilimia 0.5. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, inayomtaka mwajiri akate bima. Mwenye karakana ya uani mwenye vijana wawili ni mwajiri kamili.

Hapa pana jambo linalotokea katika nyumba nyingi bila kutajwa. Dada wa kazi aliajiriwa kufua na kulea. Biashara ya karanga na ubuyu ilipokua, akahamishiwa kwenye kukaanga na kufungasha. Mafuta yakimuunguza akiwa katika kazi hiyo, sehemu ya bima ya nyumba inayohusu wafanyakazi wa nyumbani inaweza kusema kwamba hakuwa akifanya kazi ya nyumbani. Binti huyo ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote katika nyumba hiyo, na kumwandikisha kwa kazi anayoifanya kweli ni deni la mwajiri wake.

Gari la familia nalo liangaliwe. Bima ya gari, iwe ndogo au kubwa, hutaja matumizi: binafsi au biashara. Gari la binafsi linalosambaza katoni za juisi kila asubuhi limehama daraja, na mgogoro juu ya matumizi yake utaanza siku ya ajali.

Hesabu inayowaumiza wengi

Hata aliyeitaja biashara yake anaweza kulipwa kidogo kuliko alivyotarajia. Chukulia mshonaji mwenye mali ya shilingi milioni 10: cherehani, vitambaa na nguo zilizokamilika. Ili apunguze ada, anaikatia bima kwa milioni 4. Moto unateketeza nusu ya mali, yaani milioni 5. Yeye anatazamia kulipwa milioni zake 4. Kampuni inahesabu hivi: alikatia bima asilimia 40 ya thamani, basi atalipwa asilimia 40 ya hasara, ambayo ni milioni 2. Kisha inaondolewa sehemu ya hasara ambayo kila mkata bima hujibebea kwa mujibu wa mkataba. Hakuna udanganyifu hapo. Sharti hilo huandikwa katika mikataba ya mali. Limewekwa kwa sababu asilimia 60 ya mali ile haikulipiwa ada, kwa hiyo mwenyewe anahesabiwa kuwa ndiye aliyejitolea kuibeba.

Thamani ya mali ya biashara, tena, haitulii. Akiba ya mshonaji wa sare hufura Desemba na Januari. Ya muuza mitandio na kanzu hufura kabla ya Idi. Kiasi cha bima kipangwe kwa mwezi wa mali nyingi, au mkataba uwe na kifungu kinachoruhusu kiasi kupanda kwa msimu. Na vitambaa vilivyoletwa na wateja ni mali za watu zilizokabidhiwa kwa fundi. Hizo hutajwa peke yake, la sivyo huenda zisihesabiwe kabisa.

Upo pia upotevu usioonekana kwa macho: mapato yanayokoma wakati jiko linajengwa upya. Bima ya kusimama kwa biashara huufidia, kwa masharti yanayohitaji kusomwa neno kwa neno. Korona ilithibitisha hilo. Nchini Uingereza wafanyabiashara wadogo walidai fidia kwa kufungiwa, kampuni zikakataa, na ilibidi mamlaka ya usimamizi wa fedha ya nchi hiyo ipeleke vifungu vyenyewe mahakamani vitafsiriwe. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 15, 2021, ulikuwa kwa sehemu kubwa upande wa wakata bima, lakini si wote: matokeo yalitegemea maneno ya kila mkataba.

Wengine huamini kwamba wana bima kwa sababu benki au taasisi ya mikopo iliwakata fedha za bima walipokopa. Bima ya mkopo kwa kawaida hulipa salio la mkopo mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu. Inamlinda mkopeshaji, na inaisaidia familia isirithi deni. Mali zikiungua mkopaji akiwa hai na mzima, bima hiyo hainunui hata kitambaa kimoja, na rejesho la mwezi linaendelea kudaiwa.

Kwa nini bima imebaki mbali

Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya bima Tanzania Bara iliwekwa mikononi mwake, na ikabaki hivyo mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaleta mamlaka ya usimamizi ya sasa, TIRA. Kwa miongo yote hiyo, bima ambayo mwananchi aliigusa kwa mkono ilikuwa stika ya gari, ambayo aliinunua kwa sababu trafiki angeiuliza. Mpaka leo ada zote za bima nchini ni kama asilimia 2 ya pato la taifa, na Kenya haijapita hapo kwa mbali.

Watu hawakukaa bila kinga. Upatu, VICOBA na michango ya misiba vimewainua wengi, na hakuna mhadhara wenye haki ya kuvidharau. Udhaifu wao ni mmoja: wanachama hukaa mtaa mmoja. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliingia Jangwani, Kigogo na mabonde mengine kwa pamoja. Watu wapatao 40 walikufa, na serikali ikawapeleka walionusurika viwanja vya Mabwepande. Katika siku kama hiyo mchangiaji na mchangiwa wako juu ya paa moja. Bima hupeleka hatari mbali: kampuni ya Dar es Salaam hugawana mzigo na kampuni za bima mtawanyo kama Tan-Re, Kenya Re na Africa Re, na hizo na nyingine za ng'ambo. Kwa Waislamu wanaojiepusha na bima ya kawaida kwa sababu za dini, ipo takafuli, ambayo Kenya iliipata mwaka 2011 na ambayo sasa inapatikana Tanzania pia.

Sheria nayo imeanza kusogea. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na soko la Karume likafuata Januari 2022. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaongeza orodha ya bima za lazima, ikitaja masoko ya umma na majengo ya biashara. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Lakini mwenye cherehani barazani hayumo sokoni wala katika jengo la biashara. Kisheria yuko nyumbani kwake, na hakuna anayemuuliza chochote.

Hati ya ardhi huuliza, hata hivyo. Hati miliki hutaja matumizi ya kiwanja: makazi, biashara, au makazi na biashara. Anayeendesha karakana katika kiwanja cha makazi tu anaipa kampuni ya bima swali la ziada la kuuliza. Na mpangaji akumbuke kwamba bima ya mwenye nyumba, kama ipo, inalinda kuta za mwenye nyumba. Mali za mpangaji ni juu yake mwenyewe, na akiunguza nyumba kwa shughuli ambayo mkataba wa pango haukuiruhusu, atadaiwa nyumba pia.

Yanayoweza kufanywa sasa

Kampuni za bima zina kazi ya kufanya. Biashara nyingi za nyumbani hazihitaji mkataba mkubwa wa kiwanda. Zinahitaji nyongeza fupi juu ya bima ya nyumba, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, inayotaja shughuli, kiasi cha mali, idadi ya mitungi ya gesi, wafanyakazi na wateja wanaoingia, na inayolipiwa kwa simu kila mwezi kama mapato ya mwenyewe yanavyoingia. TIRA inaweza kuzitaka fomu za bima ya nyumba ziwe na swali la wazi: je, kuna shughuli yoyote ya kipato inayofanyika hapa? Swali hilo likiulizwa na kujibiwa, nusu ya migogoro inayoelezwa hapa haitazaliwa.

Mwenye biashara naye aanze na ushahidi. Risiti za mashine za EFD za cherehani, oveni na friji zipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye barua pepe. Daftari la mali lisasishwe kila mwezi. Vyumba vyote vipigwe picha, pamoja na kizimamoto na waya za umeme. Janga likitokea, Zimamoto waitwe kwa namba 114, wizi uripotiwe polisi, kampuni ijulishwe mara moja, na mabaki yasifagiliwe kabla mtathmini hajafika. Madai yakikataliwa bila sababu ya kuridhisha, Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mteja anaweza kumwendea kabla ya mahakama.

Kila msomaji anayeuza chochote kutoka nyumbani kwake anaombwa amwandikie mtoa bima wake barua yenye maswali matano. Je, shughuli hii, kwa jina lake, inaruhusiwa katika mkataba wangu? Mali za biashara na za wateja zinalipwa kwa kiasi gani? Mteja au jirani akidhurika na biashara yangu, nani analipa? Wasaidizi wangu wanahesabiwa vipi? Wizi usio na dalili za kuvunja unalipwa? Asiye na bima ayapeleke maswali hayohayo kwa kampuni tatu na alinganishe majibu. Majibu yadaiwe kwa maandishi, yenye saini na mhuri, kabla ada ya mwaka ujao haijalipwa, na nakala yake itunzwe nje ya nyumba hiyo.